Mume wangu anataka tuendeshe gari usiku kucha hadi Orlando

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Tunaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, tangu mwaka 2014 tulipoletwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Mume wangu ni dereva wa trela, huondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa jioni, na mimi ninafanya kazi katika ghala la vifurushi, zamu ya mchana. Nyumbani tupo sita, kwa kuwa mama mkwe wangu, ambaye ana miaka 68, tunaishi naye.

Binti yetu mkubwa ana miaka 11, na tangu alipokuwa darasa la pili tumekuwa tukimwahidi kwamba siku moja tutampeleka Disney, zile bustani kubwa za michezo zilizo karibu na Orlando, Florida. Mdogo wake ana miaka 7, na kitinda mimba atatimiza miaka mitatu mwezi wa Juni. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, likizo fupi ya shule ya mwezi wa Aprili imeangukia wiki ambayo mume wangu amepewa ruhusa kazini, kuanzia Ijumaa jioni atakaporudi hadi Jumatatu ya wiki inayofuata baada ya hiyo. Tumekwisha kuweka oda ya nyumba ya kupanga huko Kissimmee, jirani na Orlando, kwa usiku saba, Jumamosi hadi Jumamosi, kwa dola 160 kila usiku. Tiketi za kuingilia Disney bado hatujazinunua.

Ugomvi wetu ni wa njia ya kufika. Niliuliza bei ya ndege kwa watu sita katika wiki hiyo nikaambiwa dola 1,900, bila kuhesabu mabegi. Mume wangu aliposikia alicheka. Anasema kutoka hapa hadi Orlando ni maili 860 tu, kwamba mafuta ya kwenda na kurudi hayafiki dola 300, na kwamba yeye amepeleka mizigo Florida mara nyingi kiasi kwamba barabara ile anaijua kama njia ya kwenda kanisani. Mpango wake ni kwamba Ijumaa akifika nyumbani saa 1 jioni aoge, ale, tupakie vitu kwenye gari letu la viti saba, na ifikapo saa 3 usiku tuwe njiani, watoto walale, tupite Atlanta wakati hakuna msongamano, na Jumamosi mchana tuwe Kissimmee bila kulipia hoteli yoyote. Kurudi ni hivyo hivyo, usiku wa Jumamosi ya pili, ili Jumapili apumzike na Jumatatu alfajiri ashike trela.

Shangazi, ninaogopa, na woga wangu una sababu. Mwaka jana tulikwenda harusini Des Moines, Iowa, na tulirudi usiku. Karibu na alfajiri nilishtushwa na mngurumo wa matairi. Gari lilikuwa limetoka kwenye mstari na kupanda ile lami iliyokwaruzwa pembeni mwa barabara ili kumwamsha dereva. Nilimwita jina, akashtuka, akarudisha gari. Nilipomuuliza akasema hakuwa amelala, alikuwa anaangalia kioo. Hatujalizungumza tena tangu siku ile. Mimi nina leseni kwa miaka miwili, lakini sijawahi kuendesha barabara kuu kupita Elizabethtown, mji wa jirani, na yeye hapendi kukaa kiti cha abiria nikiwa usukani.

Mama mkwe naye ana msimamo wake. Aliposikia habari ya kusafiri usiku alisema, “Mimi usiku nilisafiri mwaka 1996, nilipovuka Ziwa Tanganyika nikikimbia vita. Sasa sikimbii mtu.” Miguu yake huvimba akikaa sana, na ana shinikizo la damu. Mume wangu anamheshimu mno mama yake, lakini kwa hili alimjibu kwamba ndani ya gari atalala kama kitandani.

Nilipoendelea kusisitiza ndege, mume wangu alikasirika kweli. Aliniuliza, mbele ya watoto, inakuwaje mtu ambaye kazi yake ni kuendesha gari ashindwe kuwaendesha watoto wake mwenyewe. Tangu hapo nimenyamaza. Hata hivyo mwezi ujao ni zamu yangu kupokea fedha za upato, na kiasi nitakachopata kinatosha kulipia tiketi zote sita. Nimefikiria kuzinunua kimya kimya, kisha nimwambie zikiwa tayari, kwani najua hataacha fedha zipotee. Je, nifanye hivyo? Au nikubali gari na kumwachia Mungu?

Mama Watatu,
Louisville, Kentucky.

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jambo ambalo huenda hukulitarajia kutoka kwangu: katika suala la gari au ndege, mimi niko upande wa mume wako. Katika suala la usiku, niko upande wako na wa mama mkwe wako, na hapo sina nafasi ya kujadiliana. Nadhani nyumba yenu imeyachanganya mambo hayo mawili, kwa hiyo kila unapotaja ndege yeye anasikia kwamba hafai kuendesha, na kila anapotaja gari wewe unasikia mngurumo wa Iowa.

Ninaishi Atlanta kwa zaidi ya miaka ishirini, na barabara ya I-75 mnayotaka kuipita inapita karibu na kwangu. Nimeiendesha hadi Orlando nikiwa na watoto, nikiwa na wageni kutoka Tanga, na mara moja nikiwa na jiko la mkaa ambalo shemeji yangu alikataa kuliacha. Ni safari inayowezekana kabisa. Kutoka Louisville mtashuka kwa I-65 hadi Nashville, mshike I-24 kwenda Chattanooga, kisha I-75 kupita Atlanta na Macon hadi ndani ya Florida, na pale Wildwood mtaiacha I-75 na kuingia barabara ya kulipia ya Florida’s Turnpike inayowafikisha Orlando. Kwa kuendesha tu, bila kusimama, ni kama saa 13. Kwa familia yenye mtoto wa miaka miwili na nusu na mama wa miaka 68, hesabu saa 16 au 17, na hapo barabara iwe imewahurumia.

Sasa tuitazame Ijumaa hiyo kwa makini. Mume wako atakuwa ameamka lini? Dereva wa trela anayefika nyumbani saa 1 jioni huenda aliwasha injini saa 11 alfajiri. Mkiondoka saa 3 usiku atakuwa amekaa macho kwa saa 16. Mkifika kwenye milima ya Monteagle, kati ya Nashville na Chattanooga, ambako barabara inateremka kwa ukali na malori yanashuka kwa gia ya chini, atakuwa amekaa macho zaidi ya saa 20. Mkiingia Atlanta, pale anapofurahia kwamba hakutakuwa na msongamano, itakuwa kama saa 10 usiku na yeye atakuwa macho kwa saa 23, na Orlando bado iko mbele kwa maili 440. Wataalamu wa afya wa serikali ya Marekani wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na umakini sawa na mwenye kiwango cha pombe cha 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 huwa sawa na mwenye 0.10. Kikomo cha sheria katika Kentucky, Georgia na Florida ni 0.08. Kwa hiyo baba watoto, ambaye sidhani kama angethubutu kushika usukani baada ya chupa nne za bia huku mama yake akiwa nyuma, anapanga kufanya jambo lenye hatari inayofanana na hiyo, akiwa na nia njema kabisa.

Tena hayo yote yeye anayajua kuliko mimi na wewe, kwa sababu ndiyo sheria ya kazi yake. Dereva wa trela nchini Marekani haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11, nazo lazima ziwe ndani ya muda wa saa 14 tangu aanze kazi, na kabla ya kuanza tena ni lazima awe amepumzika saa 10 mfululizo. Akishaendesha saa 8 lazima apumzike angalau dakika 30. Kuna kifaa ndani ya trela kinachozihesabu dakika hizo, na hakimsikilizi mtu anayesema hajachoka. Kama siku ile ile ya Ijumaa, baada ya kushusha mzigo wa mwisho, dispacha wake, yaani anayempangia kazi, angempigia simu na kumwambia apeleke shehena nyingine Orlando usiku huo huo, angekataa, na sheria ingemlinda. Gari la viti saba halina kifaa hicho, na sheria hiyo haiwagusi watu wanaokwenda likizo. Sioni, hata hivyo, kwa nini vigae vya choo vinavyopelekwa Florida vipate dereva aliyelala na watoto wake wapate aliyekesha.

Hapo ndipo ningekushauri uanzie mazungumzo. Usimwambie kwamba hawezi, kwa kuwa anaweza, na neno hilo ndilo lililomkasirisha. Mwombe akupangie safari hii kama anavyopanga kazi yake: saa za kuendesha, saa za kulala, mahali pa kusimama, mahali pa kujaza mafuta. Mpe kalamu na karatasi, halafu mwache aandike mwenyewe saa aliyoamka Ijumaa. Ninavyowajua madereva, ataitazama hesabu ile muda mrefu kabla ya kusema neno.

Na habari ya Iowa uiseme, mwanangu. Isemeni mkiwa wawili, watoto wamelala, bila kumlazimisha akiri kwamba alisinzia. Mwambie tu ulichokisikia na ulichokiona, na kwamba tangu siku ile hulali ndani ya gari hata ukiwa umechoka. Jambo hilo mmelifunika kwa mwaka mzima, na mimi naona ndilo linalozungumza kila mnapobishana juu ya ndege.

Sasa tuje kwenye mpango ambao ningeupendekeza, ambao huenda ukamfurahisha kwa sababu hauongezi gharama.

Ijumaa arudi, ale, alale. Jumamosi yote alale tena, na alasiri akague matairi na oili, wewe ukipika na kufunga mizigo bila haraka. Jumapili saa 11 alfajiri muondoke. Ndiyo, mtakosa ibada, na mchungaji atawasamehe. Kwa mwendo huo, mkisimama kila baada ya saa mbili, mtafika Atlanta kama saa 8 mchana, na Jumapili saa hizo barabara huwa na unafuu kuliko siku za kazi. Usichanganyikiwe na simu yako njiani, maana Louisville na Atlanta zinatumia saa ileile, ila kusini mwa Kentucky saa itarudi nyuma kwa saa moja na karibu na Chattanooga itakwenda mbele tena. Wenzenu wengi huona wamefika Nashville mapema, wakajisahau kwa chakula, kisha wakashangaa jua limekwenda wapi. Msilale Atlanta. Endeleeni hadi Macon, maili 84 mbele, ambako hoteli za kando ya barabara ni nyingi na nafuu kuliko za huku kwetu. Hapo mtakuwa mmemaliza kama maili 500, yaani zaidi ya nusu ya safari, na watoto watapata jioni nzima ya kukimbiakimbia. Jumatatu mtabakiwa na kama saa tano na nusu za kuendesha, nyingi zikiwa kwenye tambarare ya kusini mwa Georgia. Mkishavuka mpaka wa Florida simameni kwenye kituo cha kupokelea wageni, ambako kwa desturi humpa msafiri kikombe cha juisi ya machungwa bila malipo. Mtoto wa miaka 7 atakikumbuka kikombe hicho pengine kuliko mengine yaliyogharimu fedha nyingi.

Jumanne nendeni Disney, Jumatano pumzikeni, Alhamisi nendeni tena. Ijumaa asubuhi muondoke, mlale Macon tena, kwa kuwa Ijumaa jioni ndani ya Atlanta ni mateso ambayo simtakii hata jirani yangu mwenye mbwa. Jumamosi mapema mtapita mji ukiwa mtulivu, na jioni mtakuwa nyumbani. Jumapili yote baba watoto atapumzika kabla ya kushika trela.

Atakuuliza juu ya fedha, nawe uwe na jibu. Mmeweka oda ya usiku saba Kissimmee, lakini kwa mpango huu mnahitaji nne tu, Jumatatu hadi Ijumaa. Usiku tatu mnaouacha, kwa dola 160 kila mmoja, ni dola 480. Katika Macon hesabu vyumba viwili, kwa sababu hoteli nyingi za kando ya barabara haziruhusu watu sita katika chumba kimoja, na meneja anapowaona watoto wakihesabiwa mlangoni huwa hana utani. Vyumba viwili kwa dola 110 kila kimoja, mara usiku mbili, ni dola 440. Kwa hiyo hoteli za njiani zinalipwa na usiku mlioupunguza, na dola 40 zinabaki za vitafunio. Jambo la kufanya leo, kabla ya lingine lolote, ni kusoma masharti ya hiyo nyumba ya kupanga na kuona kama tarehe zinaweza kubadilishwa bila faini.

Kuhusu mafuta hakukudanganya. Kwenda, kurudi na mizunguko ya huko haitazidi sana maili 1,850; gari linalokwenda maili 22 kwa galoni litakunywa kama galoni 84, na galoni ikiwa dola 3.20 hiyo ni kama dola 270. Lakini amesahau tozo ya Turnpike, ambayo kifaa cha E-ZPass kinakubalika kuilipia tangu 2021, hivyo kama mnacho kile mnachovukia madaraja ya mto Ohio kwenda Indiana, angalieni kama ni cha E-ZPass hasa na si kile cha mtaani kwenu tu. Amesahau pia maegesho, kwa kuwa wageni wasiolala katika hoteli za Disney wenyewe hulipa kila siku, na kwa sasa ni kama dola 30. Wewe nawe katika hesabu yako ya ndege ulisahau mambo. Zamani Disney walikuwa na basi la bure la kuwachukua wageni wa hoteli zao kutoka uwanja wa ndege, lakini huduma hiyo ilikoma mwanzoni mwa 2022, na nyinyi kwa vyovyote hamlali hotelini kwao. Kwa hiyo mngelazimika kukodi gari la viti saba wiki nzima, mkodi na viti vya watoto au mvibebe. Ndege isingekuwa dola 1,900. Ingepita hapo kwa mamia kadhaa.

Kuna watu ambao ningewaambia wapande ndege bila kusita: mwenye siku nne tu za likizo, au mama anayesafiri peke yake na watoto wachanga, au familia ambayo gari lake halijawahi kwenda mbali bila kuwaka taa nyekundu. Nyinyi mna siku tisa, mna dereva mzoefu, na mna watu sita, na idadi ndiyo inayoamua, kwa sababu gari haliulizi bei ya kila kichwa. Angalia hata kitinda mimba wenu. Kwenye ndege, akishatimiza miaka miwili ni lazima alipiwe kiti chake. Disney, kwa upande wao, hawamtozi kiingilio mtoto ambaye hajafikisha miaka mitatu. Mkienda Aprili ataingia bure. Mkiahirisha hadi Julai mtamlipia, tena mtamlipia ili alie kwenye joto la Florida na mvua za radi za kila alasiri. Huyo mkubwa wa miaka 11 msijaribu kumpunguza umri, kwani kuanzia miaka 10 bei ni ya mtu mzima, na watoto wa siku hizi husema ukweli mbele ya karani.

Nije kwa mama mkwe wako, ambaye alilosema nimelirudia mara kadhaa hapa nyumbani. Safari yoyote ya kukaa kwa zaidi ya saa 4, iwe ya gari au ya ndege, huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na kwa mtu mwenye umri wake na miguu inayovimba si jambo la kupuuza. Mpelekeni kwa daktari wake kabla ya safari, aulizwe juu ya soksi za kubana na dawa zake za shinikizo. Hapo gari lina faida ambayo ndege haina: linasimama mnapotaka. Kila baada ya saa mbili ashuke, atembee dakika kumi, anywe maji hata kama anahofia kuomba choo. Mpeni kiti cha safu ya kati karibu na mlango. Asiwekwe safu ya nyuma pamoja na watoto, hata wakimgombania.

Ndani ya Disney kuna kutembea kwingi, na yupo mtu atakayewaambia Bibi abaki nyumbani Kissimmee. Siku ya Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney, pengine ni kweli, au akodiwe kiti cha magurudumu. Lakini siku ya Animal Kingdom, bustani yao ya wanyama, asikose. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1998, na ndani yake wamejenga kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki wanachokiita Harambe, chenye kuta zilizopauka kama za mji wa pwani na maandishi ya Kiswahili hapa na pale, na kutoka hapo gari la wazi huwapeleka watu kwenye safari ya Kilimanjaro kuona twiga, vifaru na simba wa kweli. Jina wameliandika kwa e moja mwishoni, na mtu aliyezoea harambee ya Wakenya atatamani kuomba rangi na brashi. Kwa mama aliyeishi Kigoma miaka mingi, akae kwenye benchi pale na kusikia mhudumu akimwambia “Jambo” kwa lafudhi ya Ohio, nadhani atacheka kuliko wajukuu wake.

Habari ya wewe kuendesha ni ya lazima, na mume wako aisikie kutoka kwangu. Gari linalosafiri maili 860 likiwa na dereva mmoja tu halina dereva wa akiba siku tumbo lake likimsumbua. Mna wiki kadhaa kabla ya Aprili. Jumamosi moja uendeshe wewe hadi Kings Island, bustani nyingine ya michezo, kule Mason karibu na Cincinnati, kama saa mbili kutoka kwenu. Hata kama bustani haijafunguliwa kwa msimu, mnaweza kula huko na kurudi. Itakuwa pia jaribio la kumwona mdogo anavyovumilia kiti chake, kwa sababu mtoto hatolewi kwenye kiti gari likitembea, hata akilia kuanzia Chattanooga hadi Dalton. Katika safari yenyewe, kipande chako kiwe Jumatatu asubuhi, kutoka Macon hadi Valdosta, ambako barabara ni tambarare na pana na ramani haina la kukuambia kwa zaidi ya saa mbili. Mume wako ambaye hapendi kukaa kiti cha abiria akae hapo, afumbe macho. Yeyote aliye usukani asiguse simu, kwani Georgia ilipiga marufuku kushika simu mkononi tangu Julai 2018, na polisi wetu huku hawana huruma na namba za Kentucky. Ramani ashike binti mkubwa. Ni safari yake kuliko ya mwingine yeyote.

Yako mambo mawili ambayo mkubaliane kabla ya kuwasha gari. La kwanza, mmoja wenu akisema “simama”, gari linasimama kwenye njia ya kutokea inayofuata, bila swali. La pili, jua likizama hampo barabarani. Kuanzia saa 6 usiku hadi alfajiri ndizo saa ambazo mwili hudai usingizi wake kwa nguvu, na alasiri hudai kidogo tena, hata kwa mtu aliyelala vizuri. Mkichelewa na Macon bado iko mbali, laleni mlipofika.

Umebaki upato. Usinunue tiketi hizo kwa siri. Huenda hesabu yako ni sahihi kwamba hataacha fedha zipotee, na angepanda ndege, na angekaa Orlando siku zote saba akiwa mgeni katika likizo yake mwenyewe. Halafu siku yoyote atakapotaka kuamua jambo kubwa bila wewe, atakuwa na mfano wa kukuonyesha. Kama umezinunua leo hii, basi ujue kwamba sheria ya Marekani inakupa saa 24 za kufuta tiketi na kurudishiwa fedha zote, ilimradi uliinunua kwa shirika lenyewe na safari iko mbele kwa siku 7 au zaidi. Kama hujazinunua, fedha hizo zina kazi nzuri zaidi. Mwambie baba watoto kwamba upato wako wa mwezi ujao ni wa safari, na kwamba kitu cha kwanza utakachokilipia ni vyumba viwili vya Macon, usiku wa Jumapili na usiku wa Ijumaa. Kisha mngojee aseme mwenyewe ni hoteli gani, maana huyo bila shaka anajua ipi ina maegesho mazuri.

Shangazi,
Atlanta.